Picha za Mawingu Kutoka Angani, na Siku ya Kupanda Mahindi

Mwezi wa Machi unapofika hapa Kakamega, hakuna swali linalomsumbua mkulima wa mashamba ya makazi kuliko hili: Je, mvua hii ni ya kweli, au inatudanganya? Shamba limekwisha kulimwa. Mbegu imenunuliwa, na mbolea ya kupandia iko ghalani. Jioni moja wingu jeusi linatokea upande wa Nandi, ngurumo inasikika, mvua inanyesha kwa muda wa saa moja. Asubuhi yake jirani yako anaonekana shambani pamoja na watu wake, wanapanda. Wewe ufanye nini?

Ukipanda, kisha mvua ikakatika kwa wiki mbili, mbegu itachipuka na kukauka, au italiwa na wadudu kabla haijaota. Itakubidi ununue mbegu mara ya pili, na pengine fedha hiyo ilikuwa karo ya watoto. Ukingoja mno, mahindi yako yatachelewa, na mimea midogo itakosa mvua nzuri ya mwanzo. Kwa hiyo siku ya kupanda si jambo la kubahatisha.

Siku hizi uko msaada ambao wazee walioingia katika mashamba haya hawakuwa nao, hapo Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962. Ni picha za mawingu zinazopigwa kutoka angani, mchana na usiku. Umezisikia zikitajwa katika redio, na huenda umetumiwa moja katika simu yako. Lakini yako mambo ambayo picha hizo zinayaona vizuri, na yako mambo ambayo haziyaoni kabisa. Mkulima asiyejua tofauti hiyo anaweza kupata hasara huku akidhani kuwa ameshauriwa vema. Basi soma habari hizi polepole, kisha uwasomee na jamaa zako nyumbani.

CHOMBO KISICHOHAMA

Vyombo vinavyozunguka dunia angani huitwa setilaiti. Kwa kazi ya kutazama nchi kuna setilaiti za namna mbili, nawe inafaa uzijue zote mbili.

Namna ya kwanza hupita chini chini, kilomita mia kadhaa tu juu ya ardhi. Huizunguka dunia yote kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, iliwekwa katika njia ya namna hii. Setilaiti kama hizi huona vizuri sana kwa sababu ziko karibu, lakini hazikai. Ni kama mlinzi anayezunguka shamba zima. Akifika kwako anaona kila kitu, kisha huyo amekwenda zake. Mwizi akija baada ya yeye kupita, hana habari.

Namna ya pili ni kama mtoto aliyewekwa juu ya ulingo kufukuza ndege wakati wimbi linapoiva. Yeye hatembei. Yuko juu, mahali pamoja, na shamba lote liko mbele ya macho yake tangu asubuhi hata jioni. Setilaiti za namna hii hukaa mbali sana, kilomita 35,786 juu ya mstari wa ikweta. Ni hizi zinazotupa picha za mawingu tunazozungumza leo.

Huenda ukauliza: Chombo kinawezaje kukaa angani mahali pamoja bila kuanguka? Ukweli ni kwamba hakikusimama. Kinakimbia zaidi ya kilomita 11,000 kwa saa, na kukimbia huko ndiko kunakokizuia kisianguke. Lakini dunia nayo inazunguka. Fikiri watoto wawili wanaocheza na kamba ndefu. Mmoja yuko katikati, anajigeuza polepole. Wa pili ameshika mwisho wa kamba, naye anakimbia kumzunguka mwenziwe. Wa nje anakimbia sana na wa katikati anajigeuza tu, lakini wote wawili humaliza mzunguko mmoja kwa wakati mmoja, na muda wote wanatazamana usoni. Ndivyo ilivyo dunia na setilaiti hii. Kadiri chombo kinavyokuwa mbali na dunia, ndivyo kinavyochukua muda mrefu zaidi kuizunguka, na kwa umbali huo wa kilomita 35,786 muda wake ni sawa na siku moja ya dunia. Kwa hiyo kwetu sisi tulio chini kinaonekana kama hakihami.

Kitu hiki si kigeni kwako. Tazama dishi za runinga zilizo juu ya nyumba pale sokoni. Nyingi zinatazama juu kabisa, kama bakuli lililowekwa kukinga mvua. Fundi akiisha kulifunga dishi, haligeuzi tena, maana setilaiti inayoleta picha hizo nayo iko mahali pamoja juu ya ikweta. Ikweta inapita Maseno, kusini ya Kakamega, kwa hiyo sisi tuko karibu chini yake hasa.

NI SETILAITI ZA NANI?

Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa na Marekani tarehe 1 Aprili 1960. Hiyo ilikuwa ya namna ile ya kupita. Mwezi wa Desemba 1966 Marekani wakarusha nyingine iliyokaa mahali pamoja juu ya Bahari ya Pasifiki, na kwa mara ya kwanza wataalamu wakaweza kulitazama wingu lile lile likizaliwa, likikua na kusafiri. Nchi za Ulaya zilirusha ya kwao, iitwayo Meteosat, mwezi wa Novemba 1977. Hiyo ndiyo iliyoanza kuitazama Afrika, maana iliwekwa juu ya Ghuba ya Guinea, mahali ambapo bara letu lote linaonekana.

Leo setilaiti za Meteosat ziko chini ya shirika la EUMETSAT, lenye makao yake Darmstadt, Ujerumani. Mbili zinatuhusu sana. Meteosat-12 ilirushwa Desemba 2022 na kuanza kazi rasmi Desemba 2024. Iko juu ya Ghuba ya Guinea. Kama jicho lako lingeweza kuiona ukiwa Kakamega, ungeitafuta upande wa magharibi, nusu ya njia baina ya upeo wa macho na utosi. Nyingine ni Meteosat-9, ambayo tangu mwaka 2022 imewekwa juu ya Bahari ya Hindi, mashariki ya Kismayu. Hiyo iko karibu juu ya kichwa chako, imeinama kidogo kuelekea mashariki. Meteosat-9 hupiga picha ya upande wote wa dunia inaouona kila baada ya dakika 15. Meteosat-12 hufanya hivyo kila baada ya dakika 10.

Picha hizo hupokewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, makao makuu Dagoretti Corner, Nairobi. Huko wako wataalamu Wakenya wanaozisoma. Aidha Nairobi iko chuo ambacho wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika huja kujifunza kazi hiyo ya kusoma picha. Basi usidhani kuwa haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Chombo ni cha Ulaya, lakini macho yanayosoma picha kwa ajili yako ni ya hapa nyumbani.

PICHA ZA NAMNA TATU

Setilaiti hizi hupiga picha za namna nyingi, lakini ukizijua tatu utaelewa karibu yote.

Picha ya kwanza ni ya mwanga wa jua. Ni sawa na picha ya kawaida. Mawingu mazito yanaonekana meupe, na Ziwa Viktoria linaonekana kama kiraka cheusi. Picha hii ni nzuri mchana, lakini jua likitua haina kazi.

Picha ya pili ni ya joto. Jioni ukipita karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa, unasikia joto lake usoni ingawa hujaugusa na giza limekwisha kuingia. Kila kitu duniani hutoa joto namna hiyo, hata kitu ambacho sisi tunakiita baridi. Chombo kilichomo katika setilaiti hulisikia joto hilo kutoka mbali na kulifanya picha. Kwa hiyo picha ya joto hupigwa mchana na usiku bila kukoma.

Sasa angalia jambo hili. Kadiri unavyopanda juu ndivyo baridi inavyozidi. Hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi katika kila kilomita moja ya kupanda, na ndiyo sababu Mlima Kenya una barafu ingawa uko penye ikweta. Wingu la chini, ambalo kilele chake kiko kilomita mbili juu ya shamba lako, lina baridi kidogo tu. Lakini wingu kubwa la radi hupanda mpaka kilomita 12, pengine hata 16, na huko juu kabisa baridi yake ni nyuzi 60 au 70 chini ya ile inayogandisha maji. Basi mtaalamu akiona mahali penye baridi kali sana katika picha, anajua kuwa hapo wingu limepanda juu mno. Wingu lililopanda hivyo mara nyingi ni wingu la mvua kubwa, ngurumo na pengine mvua ya mawe.

Picha ya tatu ni ya mvuke wa maji. Hii huonyesha unyevu ulio juu angani hata pale ambapo hakuna wingu. Hewa kavu ikiingia kutoka upande fulani, inaonekana katika picha hii kabla wewe hujaona kwamba mawingu yamekuwa haba.

Picha zikiisha kufuatanishwa moja baada ya moja, zinaonekana kama sinema, na hapo ndipo faida kubwa ilipo. Tuseme saa saba mchana wingu kubwa liko juu ya Kapsabet, na saa saba na nusu limesogea kilomita 15 kuelekea magharibi. Wingu hilo linakwenda kilomita 30 kwa saa. Kutoka hapo mpaka mji wa Kakamega zimebaki kama kilomita 25. Likiendelea vivyo hivyo, litafika baada ya dakika 50. Hesabu hii ni rahisi, mtoto wa shule anaweza kuifanya. Lakini angalia neno "likiendelea". Wingu la radi huweza kuisha njiani, na jingine likazaliwa mahali ambapo hukutazamia.

KWA NINI MVUA YETU HUJA ALASIRI

Hapa kwetu picha hizi zinatuonyesha jambo ambalo wazee walilijua kwa macho tu. Asubuhi anga ni safi. Jua linapopanda, nchi inapata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Viktoria, na upepo wenye unyevu unaanza kuvuma kutoka ziwani kuja bara. Upande wa mashariki upepo mwingine unakuja kupitia nyanda za juu za Nandi. Pepo hizo mbili zinapokutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda, mvuke wake unageuka kuwa wingu. Ndiyo maana katika picha za saa sita unaona vitone vidogo vyeupe kandokando ya vilima, na kufika saa tisa vitone hivyo vimekuwa madoa makubwa ya radi.

Usiku mambo hugeuka. Nchi inapoa upesi, ziwa linabaki na joto, na mawingu makubwa huzaliwa juu ya maji. Dhoruba hizo zimewaua wavuvi wengi. Kwa sababu hiyo Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilishirikiana tangu mwaka 2017 katika mradi wa kuboresha maonyo kwa watu wa ziwani, na picha za setilaiti zilikuwa miongoni mwa vyombo vya kazi hiyo.

MAMBO AMBAYO PICHA HAIYAONI

Sasa tumefika penye jambo kubwa, nawe ulishike vizuri. Setilaiti inatazama kutoka juu. Inaona mgongo wa wingu, haioni tumbo lake. Mvua inatoka tumboni.

Kwa hiyo picha inaweza kumpoteza mtu kwa njia tatu.

Kwanza, yako mawingu membamba yaliyo juu sana, kama manyoya ya kuku yaliyotawanywa. Yana baridi kali, kwa hiyo katika picha ya joto yanaonekana meupe kama wingu la radi. Lakini hayaleti hata tone moja. Mtu akikuonyesha picha nyeupe katika simu akasema, "Mvua inakuja!" huenda anakuonyesha manyoya tu. Mtaalamu hulinganisha picha za namna mbalimbali ili atambue lipi ni wingu nene na lipi ni utando.

Pili, yako mawingu ya chini ambayo hayakupanda sana, nayo huleta manyunyu ya kutosha kulowesha udongo. Kwa kuwa hayana baridi nyingi, picha ya joto huyapita kama kwamba si kitu.

Tatu ni ukubwa wa nukta. Picha ya setilaiti imefanywa kwa nukta nyingi ndogo ndogo, na nukta moja ya picha ya joto ya Meteosat-9 ni kama kilomita 3 kwa kilomita 3 mahali inapoonekana vizuri kabisa. Hizo ni ekari 2,200 na zaidi. Kama kila shamba katika skimu yenu ni ekari 15, nukta moja inafunika mashamba kama 148. Nawe unajua jinsi mvua yetu ilivyo. Inaweza kunyesha upande huu wa barabara, na upande wa pili vumbi likabaki vumbi. Kwa setilaiti ninyi wote mu nukta moja.

KUTOKA WINGU HADI MILIMITA

Wataalamu waliona matatizo haya mapema, wakatafuta dawa yake. Tangu mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Reading huko Uingereza kimekuwa na kazi ya kukadiria mvua ya Afrika kwa kutumia picha za Meteosat. Njia yao ni nyepesi kueleza. Huhesabu ni saa ngapi mahali fulani palifunikwa na wingu lenye baridi kali kuliko kiwango walichokiweka. Kisha hulinganisha saa hizo na mvua iliyopimwa ardhini katika vipimo vya mvua. Wakifanya hivyo kwa miaka mingi, wanajua kwamba katika nchi fulani, mwezi fulani, saa kadhaa za wingu baridi ni sawa na milimita kadhaa za mvua.

Umeona? Hata wao wenye chombo cha angani hawawezi kufanya kazi bila kopo la mvua lililo ardhini. Mtu anayepima mvua kila asubuhi katika kituo chake ndiye anayeifundisha setilaiti kusema kweli. Mahali pasipo na vipimo, makadirio ya setilaiti ni dhaifu. Kwa hiyo kopo lako la mvua si kitu cha kuchekwa.

MFANO WA MWAKA 2019

Katikati ya Machi 2019 kimbunga kilichoitwa Idai kilikuwa katika mlango wa bahari ulio baina ya Msumbiji na Madagaska. Usiku wa kuamkia tarehe 15 kiliupiga mji wa Beira na kuua mamia ya watu. Katika picha za setilaiti kilionekana wazi, gurudumu kubwa jeupe lenye tundu katikati.

Mkulima wa Likuyani angeweza kusema, "Beira ni mbali, hayo yananihusu nini?" Lakini kimbunga huvuta hewa yenye unyevu kutoka mbali sana. Mvua ya masika ilichelewa katika sehemu nyingi za Kenya mwaka huo, na Idara ya Hali ya Hewa ilieleza kwamba kimbunga kile kilikuwa kimevuruga unyevu uliopaswa kutufikia. Mkulima aliyepanda katika vumbi kwa kutumaini tarehe ya kalenda alikuwa hatarini. Aliyesikiliza habari na kungoja udongo ulowe alikuwa na nafuu. Tena mwishoni mwa mwaka huo huo mvua ilinyesha kupita kiasi katika sehemu nyingi za nchi, wakati ambapo wengi walikuwa na mahindi ya kuvuna na kukausha. Mwaka mmoja, hasara mbili za namna mbalimbali. Kalenda haikuweza kumsaidia mtu katika yo yote kati ya hizo.

BASI UFANYE NINI?

1. Jua kila habari ni ya muda gani. Picha ya setilaiti ni habari ya saa chache zijazo. Utabiri wa siku tano au saba ni wa kupanga kazi za wiki. Utabiri wa msimu ni wa kuchagua mbegu na kujua kwa jumla kama mvua itakuwa nyingi au haba. Usiichukue picha ya leo ukaamua nayo mambo ya mwezi mzima.

2. Ukitumiwa picha katika simu, tazama kwanza saa iliyoandikwa. Picha nyingi huandikwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Ukiona 0900, hiyo kwetu ni saa sita mchana. Kama sasa ni saa kumi jioni, unatazama wingu ambalo labda limekwisha kufa. Tena usitishwe na rangi nyekundu au zambarau. Rangi hizo zimepakwa na kompyuta ili kuonyesha penye baridi kali. Hazina maana ya moto, wala hazikuhakikishii mvua.

3. Weka kopo la mvua. Tafuta kopo ambalo kuta zake zimenyooka, mdomo na kitako ni sawa. Liweke mahali peupe, mbali na miti na nyumba, na ulifunge katika mti mfupi lisianguke. Kila asubuhi saa tatu pima maji kwa rula, andika katika daftari, kisha yamwage. Maji ya kimo cha milimita moja ni sawa na lita 4,000 hivi katika ekari moja, yaani mapipa 20 ya lita 200. Milimita 20 ni mapipa 400. Ukijua hesabu hiyo, utaacha kusema "mvua ilikuwa kubwa" au "mvua ilikuwa ndogo". Utasema ni ngapi.

4. Usipande kwa sababu ya jioni moja. Kipimo kimoja kinachotumiwa na wataalamu ni hiki: mvua iwe imefika milimita 20 katika siku tatu, na isiwe ni ya kukatika kwa wiki nzima au zaidi katika wiki tatu zinazofuata. Sehemu ya kwanza utaijua kwa kopo lako. Sehemu ya pili utaipata katika utabiri wa Idara. Kisha chimba kwa jembe kiasi cha shubiri moja. Ukiufinya udongo wa chini mkononi nao ukashikamana, ardhi imekwisha kunywa.

5. Tumia habari ya siku kwa kazi ya siku. Mbolea ya kukuzia ikiwekwa saa chache kabla ya mvua kubwa huchukuliwa na maji kwenda mtoni, nawe umelipia mto. Dawa ya viwavijeshi nayo huoshwa. Kwa kuwa mvua yetu huja alasiri, kazi ya kupulizia dawa ifanywe mapema asubuhi. Wakati wa kuvuna, ukisikia kwamba mawingu makubwa yanajijenga upande wa Nandi, kusanya mahindi yaliyoanikwa na uyafunike kwa turubai mapema. Mahindi ya kuweka ghalani yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, maana mahindi mabichi huota kuvu yenye sumu inayoua watu na mifugo.

6. Heshimu radi. Meteosat-12 ina jicho maalumu linalohesabu mimweko ya radi mchana na usiku, lakini halitakushika mkono kukutoa shambani. Ukisikia ngurumo ya kwanza, acha jembe na uingie nyumbani. Usijikinge chini ya mti. Usishike wala kuegemea waya wa ua, na uwaondoe ng'ombe karibu nao. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urudi kazini.

7. Ulizia habari mahali pake. Kila kaunti ina Mkurugenzi wake wa Hali ya Hewa, na Kakamega iko ofisi hiyo pamoja na kituo cha kupimia hewa. Habari zake hutolewa kwa redio, kwa simu, na kupitia kwa Bwana Shamba. Usiridhike na uvumi wa sokoni. Na kama daftari lako la mvua lina miaka miwili au mitatu, mwonyeshe Bwana Shamba. Atafurahi kuliona, maana ni habari ambayo haipatikani po pote isipokuwa kwako.

MWISHO

Ndugu mkulima, mtoto aliye juu ya ulingo huona ndege wakija kutoka mbali, naye hupiga kelele. Lakini hajui kama masuke yaliyo chini ya mti ule yamejaa au ni makapi. Anayejua ni mwenye shamba anayepita kati ya mimea na kushika kwa mkono wake. Setilaiti iko juu ya ulingo mrefu kuliko wote. Itakuambia kwamba wingu linakuja, linatoka wapi, na limepanda kiasi gani. Isikilize. Kisha asubuhi saa tatu nenda ukatazame kopo lako, chimba udongo kwa jembe lako, na uamue. Anayetumia vyote viwili hatapata mvua zaidi ya jirani yake, lakini mbegu zitakazopotea katika shamba lake zitakuwa chache.